Ulanga mweusi wa granaiti ya Mwanza: argoni itanipa umri wa kuumbika kwa mwamba?

Jabali_Nyegezi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kuhusu kupima umri wa miamba moto kwa isotopu za argoni (atomu za argoni zinazotofautiana uzito). Naandaa mwongozo wa ziara za wanafunzi wa jiolojia hapa Mwanza, na sitaki kuandika umri ambao mwanafunzi makini ataukataa kesho yake.

Mezani nina sampuli mbili. Ya kwanza ni granaiti ya kijivu kutoka Nyegezi, mahali wanapovunja kokoto. Ina feldispa, kwatsi na vipande vya ulanga mweusi (biotiti, madini ya majani meusi yanayong'aa) vya milimita 1 hadi 3. Ya pili ni mwamba mweusi wenye punje ndogo sana, kutoka kwenye mkanda wa upana wa mita 4 hivi unaoikata granaiti hiyo. Naamini ni doleriti. Baadaye ningependa kuongeza mwamba wa volkano kutoka ng'ambo ya ziwa, pande za kisiwa cha Rusinga nchini Kenya, ili wanafunzi walinganishe mzee na kijana.

Maswali yangu:

Ulanga mweusi wa granaiti ukipimwa argoni, namba itakayotoka ndiyo umri wa kuumbika kwa mwamba?

Kuna tofauti gani ya kweli kati ya njia ya zamani ya potasiamu-argoni na hii ya argoni-40 kwa argoni-39? Kwa nini hii mpya inahitaji kinu cha nyuklia?

Nichukue kilo ngapi, na nisage vipi? Jirani kuna karasha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanasaga kwa bei nafuu.

Punje_kwa_Punje

Mkuu Jabali, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Jibu ni hapana. Ulanga mweusi wa granaiti ya Nyegezi utakuambia ni lini ulanga wenyewe ulipoa kiasi cha kuacha kuvujisha argoni. Kuumbika kwa granaiti ni jambo la mapema zaidi, na pengo kati ya mambo hayo mawili linaweza kuwa la mamilioni mengi ya miaka.

Tazama kinachotokea ndani ya punje. Katika potasiamu yote, atomu moja kati ya kila 8,600 hivi ni potasiamu-40, ambayo ina mnururisho. Nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuvunjika, ni miaka bilioni 1.25. Kati ya kila atomu 100 zinazovunjika, takriban 89 huwa kalsiamu-40 na takriban 11 huwa argoni-40. Ile kalsiamu haitusaidii, kwa sababu mwamba ulikuwa na kalsiamu nyingi tangu mwanzo na huwezi kuitenga ya zamani na ya sasa. Argoni inatusaidia kwa sababu ni gesi isiyoungana na kitu. Mwamba ukiwa uji wa moto, inatoka. Fuwele ikiganda lakini ikabaki na joto kali, bado inapenya na kutoka. Fuwele ikipoa vya kutosha, kila atomu ya argoni inayozaliwa inabaki ilipozaliwa. Saa inaanza kuhesabu hapo.

Kila madini yana joto lake la kufunga, yaani joto ambalo chini yake argoni haitoki tena. Honiblendi (madini mengine meusi) hufunga karibu nyuzi 500 hadi 550 za selsiasi, ulanga mweupe karibu 400, ulanga mweusi kati ya 300 na 350, na feldispa ya potasiamu hufunga taratibu kuanzia 350 hadi kushuka karibu 150. Namba hizi si sheria ya chuma: punje kubwa hufunga mapema kuliko ndogo, na mwamba unaopoa haraka hufunga kwenye joto la juu zaidi.

Sasa irudie granaiti yako. Iliganda kilometa kadhaa chini ya ardhi kwenye joto la nyuzi 700 hivi, kisha ikapoa polepole. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama ulanga unaonyesha umri mdogo kwa miaka milioni 100 kuliko umri wa kuganda, basi mwamba ulishuka nyuzi 400 kwa miaka milioni 100, yaani nyuzi 4 kwa kila milioni. Hiyo ni habari nzuri sana, lakini ni habari ya kupoa. Tena kama baadaye mwamba ulipashwa joto upya, kwa magma iliyopita karibu au kwa vurugu za kujengwa kwa milima kandokando ya kratoni ya Tanzania (kiini kizee na kigumu cha bara), ulanga unaweza kuwa ulipoteza argoni yake yote au sehemu, na saa ikaanza upya.

Umri wa kuganda utafute kwenye zikoni (fuwele ndogo ngumu ndani ya granaiti), kwa kupima urani na risasi inayozaliwa nayo. Zikoni haiachii risasi yake hata kwenye joto linaloyeyusha granaiti. Ndiyo maana umri wa granaiti hizi za Mwanza, ambao ni zaidi ya miaka bilioni 2.5, unategemea zikoni. Ushauri wangu ni kwamba kwenye mwongozo uandike mistari miwili tofauti, "umri wa kuganda, zikoni" na "umri wa kupoa, ulanga mweusi", wala usiviunganishe viwili hivyo kuwa wastani. Wastani wa matukio mawili si tukio.

Mkanda mweusi ni mgumu zaidi, nao nausema wazi ili usipoteze fedha. Doleriti ina potasiamu kidogo, na plajioklasi yake (feldispa ya kalsiamu na sodiamu) mara nyingi huwa na potasiamu chini ya asilimia 0.5. Ukiwa na potasiamu kidogo namna hiyo, argoni kidogo tu ya kigeni inaharibu hesabu. Na argoni ya kigeni ipo: magma ilipoingia kwenye granaiti iliyokwisha kukusanya argoni kwa muda mrefu, iliipasha joto ikaiachia gesi, na gesi hiyo ikaingia kwenye doleriti. Matokeo yake mkanda unaonekana mzee kuliko ulivyo, pengine mzee kuliko granaiti inayokatwa, jambo lisilowezekana. Basi kwa doleriti tafuta kwanza badeleiti (madini yenye zikoniamu, kama zikoni) uipime kwa urani na risasi. Ukitaka kutumia argoni, pima ulanga wa granaiti iliyo sentimita chache kutoka kwenye mkanda, halafu ulanga wa mita 20 au 30 mbali nao. Penye mgusano granaiti ilipashwa hadi karibu nusu ya joto la magma, yaani kama nyuzi 600, na hilo linatosha kuifuta saa ya ulanga. Ulanga wa karibu ukitoa umri mmoja na wa mbali ukatoa mwingine ulio mkubwa, ule wa karibu ndio umri wa mkanda. Kwa wanafunzi hakuna somo tamu kuliko hilo, maana wanaweza kuweka mkono kwenye mgusano wenyewe.

Nyundo_na_Lenzi

Mimi nijibu la kuchukua sampuli na kusaga, maana hapo ndipo umri mwingi unapoharibikia.

Dada au kaka Jabali, usichukue granaiti ya argoni pale kwenye kokoto bila kuuliza ilivyopasuliwa. Baadhi ya wavunja mawe huwasha moto juu ya jabali, kwa kuni au matairi, mpaka ganda linapasuka kwa joto. Ganda hilo limepikwa, na feldispa na ulanga wake huenda vimepoteza gesi. Utalitambua: lina wekundu, linabanduka kama magamba ya samaki, na kwenye nyufa kuna masizi. Chukua mwamba uliopasuliwa kwa patasi na nyundo, kutoka kiini cha bonge, penye rangi ya kijivu inayokaribia samawati. Ukiona ukingo wa kahawia kuzunguka bonge, huo ni uchakavu wa maji ya mvua. Uchonge wote hadi uishe.

Kisha utazame ulanga wenyewe kwa lenzi ya mara 10. Ulanga mzima ni mweusi, unang'aa kama kioo, na ukiinua jani lake kwa ncha ya sindano linapinda kisha linarudi lilivyokuwa. Ulanga uliochakaa una rangi ya shaba au dhahabu iliyofifia, umevimba, na jani lake likipinda halirudi, linavunjika. Ukiwa na rangi ya kijani, umeanza kugeuka kloriti na potasiamu imeondoka. Ulanga mweusi mzima una potasiamu ya asilimia 7 hadi 8. Maabara ikikupa asilimia 5, uko mbele ya jiwe lililochakaa, hata kama kwa macho lilikuridhisha. Kabla ya kulipia chochote kata slaidi ya mwamba yenye unene wa mikroni 30 na uitazame kwa hadubini. Ni gharama ndogo inayookoa kubwa.

Kiasi: kilo 2 za granaiti zinatosha na kubaki. Doleriti kilo 2 hadi 3. Majivu ya volkano yaliyoshikana huhitaji hata kilo 5, kwa kuwa fuwele ni chache.

Karasha ya dhahabu usiitumie, nakuomba. Kwanza, inasaga hadi unga, nawe unahitaji punje za mikroni 250 hadi 500. Unga mwembamba hushika hewa kwenye nyuso zake, na punje za ulanga zikisagika sana hupoteza argoni. Pili, na hili ndilo baya, ndani ya karasha kuna mabaki ya mawe ya mashimo mengine. Hata ukiisuuza, punje zinabaki kwenye vyuma. Punje moja ya feldispa ya miaka bilioni 2.6 ikiingia kwenye sampuli ya lava ya miaka milioni 2 ina argoni nyingi kuzidi mamia ya punje za lava hiyo. Vunja kwa nyundo juu ya bamba la chuma lililosafishwa, ukiwa umelifunika jiwe kwa turubai ili vipande visiruke. Chekecha mara kwa mara na urudishe yale makubwa tu, usiponde kila kitu kwa pamoja.

Baada ya hapo osha punje kwa maji mpaka yabaki meupe, kausha kwa joto la chini, halafu pitisha sumaku ya mkono kuondoa magnetiti. Kwa ulanga kuna mbinu rahisi isiyohitaji mashine: mwaga punje kwenye karatasi nyeupe iliyoinamishwa na uigonge taratibu. Kwatsi na feldispa zinabingirika, majani ya ulanga yanabaki yameng'ang'ania. Ni kupepeta kama kwenye ungo. Ukirudia mara tano au sita utapata ulanga wa asilimia 90 na zaidi, kisha unamalizia kwa hadubini na kibano, punje moja baada ya nyingine. Hata gramu 0.1 ya ulanga safi ni nyingi kwa maabara ya siku hizi.

Karai la kuoshea dhahabu, kama ni jipya, linafaa kukusanyia zikoni kutoka kwenye punje ndogo zaidi ya mikroni 250. Zikoni ni nzito, inabaki na mchanga mweusi. Kwa hiyo zile ndogo usizimwage.

Jabali_Nyegezi

Asanteni sana wakuu. Kweli pale kwenye kokoto ninaona masizi kwenye nyufa, kwa hiyo mfuko ule nauweka kando, nitachukua upya juu kidogo ya kilima.

Swali la pili bado. Kama ulanga una potasiamu na argoni, kwa nini nisipime potasiamu kwa mashine moja, argoni kwa nyingine, nigawanye, niishie hapo? Kinu cha nyuklia kinaongeza nini?

Ombwe_Safi

Ulichokieleza, ndugu Jabali, ndiyo hasa njia ya potasiamu-argoni, na imefanya kazi kubwa. Mwaka 1961 Leakey, Evernden na Curtis waliitumia kutangaza kwamba tabaka la kwanza la Olduvai lina miaka milioni 1.75, wakati wengi walidhani ni changa mno kuliko hapo. Udhaifu wake ni mitatu. Unaigawa sampuli vipande viwili na kuamini vinafanana. Unahitaji kujua kiasi kamili cha gesi, na hilo ni gumu. Na mwisho unapata namba moja tu, isiyokuambia kama jiwe lilipoteza argoni au lilipata ya kigeni.

Kuhusu ugumu wa kupima kiasi: chukua gramu 1 ya feldispa yenye potasiamu asilimia 10, iliyokaa miaka milioni 1.75. Argoni-40 iliyozaliwa ndani yake ni takriban moli 0.00000000003, yaani sentimita za ujazo 0.0000007 kwenye kanieneo ya kawaida. Hewa ina argoni ya asilimia 0.93. Kwa hiyo hewa ya milimita za ujazo 0.07, ambayo ni kama punje moja ya mchanga, ina argoni sawa na yote iliyozaliwa katika gramu hiyo. Mkishaiona hesabu hii mnaelewa kwa nini mashine yote iko kwenye ombwe kali, na kwa nini mabomba hupashwa joto usiku kucha kabla ya kazi ili kuondoa hewa iliyojibana kwenye kuta za chuma.

Mwaka 1966 Merrihue na Turner walieleza njia ya pili. Ukiipiga sampuli kwa nyutroni zenye kasi, sehemu ya potasiamu-39 hugeuka argoni-39. Argoni-39 haipo kiasili ndani ya jiwe, na nusumaisha yake ni miaka 269, kwa hiyo kwa miezi ya kazi ya maabara unaichukulia kama isiyobadilika, ukiisahihisha kidogo tu. Sasa argoni-39 inasimama badala ya potasiamu, na argoni-40 ni zao la muda. Zote mbili ni gesi, zinatoka kwenye punje ileile, zinapimwa kwa spektromita ileile ya masi (mashine inayotenga atomu kwa uzito wake), kwa dakika zilezile. Unachohitaji ni uwiano. Hicho ndicho kinu kinachokupa.

Utaratibu ni huu. Punje zinafungwa kwenye foili ya aluminiamu au kuwekwa kwenye vishimo vya kisahani cha aluminiamu. Katikati ya sampuli, kila baada ya chache, unaweka madini rejea yenye umri unaojulikana, mara nyingi sanidini (feldispa ya volkano yenye potasiamu) ya Fish Canyon ya Colorado, Marekani, yenye miaka milioni 28.201. Kwa miamba mizee kama ya Mwanza tumia rejea mzee, kwa mfano honiblendi ya Hb3gr yenye zaidi ya miaka bilioni 1. Madini rejea yawe karibu na sampuli, kwa sababu nyutroni hazienei sawasawa na tofauti huonekana hata ndani ya sentimita moja. Kinu hutumika kwa saa chache kwa lava changa, makumi ya saa kwa granaiti. Sehemu ya kinu yenye ngao ya kadimiamu inafaa zaidi, inazuia nyutroni za polepole ambazo zingetengeneza argoni-40 ya bandia kutoka kwenye potasiamu. Kisha mzigo unasubiri wiki kadhaa au miezi mpaka mnururisho upungue uweze kushikwa.

Usisubiri mno, hata hivyo. Kalsiamu nayo hupigwa na nyutroni na kutoa argoni-36, argoni-37 na argoni-39 za ziada. Kiasi chake tunakijua kwa kupima argoni-37, na hiyo ina nusumaisha ya siku 35. Ukipima plajioklasi au basalti baada ya mwaka mzima, argoni-37 imekwisha na huna tena cha kusahihishia.

Siku ya kupima, leza au tanuri hupasha punje kwa hatua 10 hadi 15, kutoka nyuzi 500 hivi mpaka ziyeyuke. Gesi ya kila hatua husafishwa kwa dakika 5 hadi 10 kwenye vinyonyaji vya zikoniamu na aluminiamu vinavyokula maji, naitrojeni na kaboni dayoksaidi, argoni ikabaki. Spektromita husoma masi 36, 37, 38, 39 na 40. Kila baada ya hatua mbili au tatu unafanya kipimo tupu, yaani unarudia kila kitu bila kupasha jiwe, ili ujue mashine yenyewe inachangia nini. Mtu anayeruka vipimo tupu ili awahi kumaliza anajitengenezea umri wa mashine.

Argoni ya hewa unaitoa kwa kutumia argoni-36. Katika hewa uwiano wa argoni-40 kwa argoni-36 ni 298.56, ingawa makala za zamani zinatumia 295.5. Ukipima argoni-36, izidishe kwa namba hiyo na utoe jibu kwenye argoni-40. Kilichobaki ndicho kilichozaliwa ndani ya jiwe. Kwa granaiti ya bilioni 2.6 hewa ni chini ya asilimia 1 na haikusumbui. Kwa basalti changa ambayo asilimia 95 ya argoni-40 ni ya hewa, kosa la asilimia 1 katika ile hewa linakuwa kosa la asilimia 19 katika umri.

Hesabu yenyewe, kwa mfano wa namba za kujitungia (J ni kipimo cha nyutroni ambazo sampuli ilipata, λ ni kasi ya kuvunjika kwa potasiamu-40, t ni umri):

Madini rejea: uwiano wa argoni-40 ya jiwe kwa argoni-39 ni 10.00.
J = (e^(λt) − 1) ÷ 10.00, λ ikiwa 5.463 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka na t ikiwa miaka 28,201,000. J = 0.0015525.
Sampuli: uwiano ni 6.40.
t = (1 ÷ λ) × ln(1 + 0.0015525 × 6.40) = miaka milioni 18.1.

Mtego hapa: umri wa 28.201 unakwenda na λ ya 5.463. Makala nyingi za kabla ya mwaka 2008 zilitumia Fish Canyon ya 28.02 na λ ya 5.543. Kwa miamba michanga tofauti ni karibu asilimia 0.65. Kabla ya kulinganisha umri wako na wa mtu mwingine, tafuta ametumia rejea gani, uugeuze kwanza.

Kisha chora umri wa kila hatua dhidi ya asilimia ya argoni-39 iliyotoka. Hatua tatu au zaidi zinazofuatana, zinazokubaliana ndani ya makosa yake na kubeba angalau nusu ya argoni-39 yote, tunaziita tambarare, na huo ndio umri unaouamini. Hatua za mwanzo zikiwa changa halafu zinapanda, jiwe lilipoteza argoni pembezoni mwa punje. Umbo la bakuli, juu mwanzoni na mwishoni, chini katikati, ni dalili ya argoni ya kigeni. Ngazi inayoshuka kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa basalti za punje ndogo, mara nyingi ni atomu za argoni-39 zilizorushwa na pigo la nyutroni: kila moja huruka kama mikroni 0.1, na kwenye punje ndogo mno huhama kutoka madini moja kwenda mengine.

Onyo moja kuhusu ulanga wako, na mara nyingi watu hawalisemi: tambarare nzuri ya ulanga mweusi si ushahidi kamili. Ulanga una maji ndani yake, na ukipashwa kwenye ombwe maji yanatoka, muundo unavunjika, argoni ya pembeni na ya katikati zinachanganyika. Unaweza kupata tambarare kutoka kwenye ulanga uliopoteza gesi au uliobeba ya kigeni. Hakikisha kwa kupima punje kadhaa mojamoja na kwa kulinganisha na honiblendi kama ipo.

Mbita_Ng'ambo

Niongeze la upande wetu wa ziwa. Rusinga na Mfangano ni mabaki ya volkano kuu ya Kisingiri, ya Miosini ya mapema, kati ya miaka milioni 17 na 20 hivi. Lava ilipomwagika ilipoa kwa siku, miezi au miaka michache, kwa hiyo hapa umri wa argoni na umri wa kuumbika ni kitu kimoja. Kwa mwongozo wako ulinganisho ni mzuri: granaiti ambayo argoni inasimulia kupoa kwake, na lava ambayo argoni inasimulia kuzaliwa kwake.

Lava hizi si basalti za kawaida, nyingi ni nefeliniti (lava yenye madini ya nefelini, isiyo na feldispa). Ziko zenye matundu yaliyojazwa madini meupe, yaani zeoliti na kalsiti. Hizo ziache. Chagua katikati ya mtiririko, penye mwamba mzito usio na matundu, na upime sehemu ya mwamba yenye punje ndogo sana, isiyo na fuwele kubwa. Fuwele kubwa za olivini na pirokseni zitoe zote kwa sumaku na kwa mkono, maana huja na argoni kutoka chini. Huko Hawaii, vipande vyenye olivini ndani ya lava iliyomwagika mwaka 1800–1801 vilitoa umri mkubwa ajabu kwa sababu hiyo.

Kwenye majivu ya volkano, tumia ulanga au feldispa, fuwele mojamoja. Majivu mengi yalisombwa na mito kabla ya kutulia, yakaokota punje nzee njiani. Kilichotokea kwa tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS pale Ziwa Turkana ni funzo tosha: Fitch na Miller walichapisha milioni 2.6 mwaka 1970, mabishano yakachukua miaka, na mwaka 1981 McDougall akaonyesha milioni 1.88. Ukipima fuwele 20 mojamoja, zile nzee zinajitenga zenyewe na unazitoa. Ukiziyeyusha 20 kwa pamoja, huzioni kamwe.

Njia ikifanywa kwa uangalifu inafika mbali. Sanidini ya mlipuko wa Vesuvius wa mwaka 79 ilipimwa mwaka 1997 ikatoa miaka 1,925, jumlisha au toa 94. Miaka halisi ilikuwa 1,918. Na ilibidi waisahihishe kwa argoni ya kigeni kwanza.

Kuhusu kuchukua mawe huku, maeneo mengi ya Rusinga yana visukuku. Usinyanyue kitu bila leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) na bila kuwasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wenyeji nao waulizwe, shamba lina mwenyewe.

Jabali_Nyegezi

Nimeelewa vizuri. La mwisho: wanafunzi huniuliza kama argoni inaweza kusema ni lini majabali ya Mwanza yalipangika hivi, kama lile Jiwe la Bismarck, moja juu ya jingine.

Punje_kwa_Punje

Haiwezi, mkuu. Kuchongwa kwa majabali ni kazi ya maji kupenya kwenye mipasuko ya granaiti na kuoza kwa pembe zake chini ya udongo, kisha udongo kuondoka. Yote hayo yalifanyika kwenye joto la kawaida, na saa ya argoni haihisi chochote chini ya nyuzi 100. Kwa swali hilo hupimwa berili-10, inayotengenezwa ndani ya kwatsi na miale ya angani tangu uso wa jiwe ulipoanza kuwa wazi. Sampuli yake ni tofauti kabisa: vipande vya uso wa juu, sentimita 2 hadi 5, visivyobanduka wala kuguswa na moto. Ukipanda kilima, beba mifuko miwili, na uandike kwa wino usiofutika ndani na nje ya kila mmoja: "kiini, argoni na zikoni" na "uso, berili". Ukivichanganya, kila kimoja kinapoteza kazi yake. Na kabla ya kutuma mawe nje ya nchi, pitia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapo Mwanza wakuelekeze kuhusu kibali. Nusu ya kila sampuli ibaki nyumbani.

Jabali_Nyegezi

Nusu inabaki. Jumamosi napanda juu ya eneo la kokoto na patasi, nitaweka hapa picha za ulanga chini ya lenzi kabla sijapeleka popote.